PubMed kwa sisi tunaotibu nguruwe Mbozi: majibu ya vipimo vya vijijini kwetu yamo humu

Kuna swali ambalo wafugaji wa huku Mbozi huniuliza mara nyingi kuliko bei ya chanjo: "Daktari, wale waliokuja kuwatoa nguruwe wetu damu, majibu yao yaliishia wapi?" Watu walikuja na gari, wakajaza fomu, wakamfunga nguruwe kamba mdomoni, wakavuta damu shingoni, wakaaga. Hakuna aliyerudi. Mwenyekiti wa kijiji ukimuuliza naye anakutazama tu. Kwa sasa ninalo la kuwajibu, walau kwa sehemu: mengi ya majibu hayo yako PubMed, hulipii kuyatafuta, na yanafunguka kwenye simu ya kawaida. Ndiyo maana nimeamua kuiandikia huduma hii tathmini, maana huku kwetu wanaoitumia ni wanafunzi wa vyuo peke yao, na ilipaswa kuwa mikononi mwa kila anayebeba sindano.

Kwa asiyeijua: PubMed ni mahali pa kutafutia makala za utafiti wa tiba zilizochapishwa kwenye majarida ya dunia nzima. Inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, Maryland. Ilifunguliwa bure kwa umma mwaka 1997, na sasa ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta; maktaba hiyo ilianza kuchapa orodha ya makala za tiba mwaka 1879. Tiba ya binadamu ndiyo imejaa humo, lakini ya wanyama ipo, na kwa magonjwa yanayotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu ipo kwa wingi. Haikulazimishi kujisajili. Ukurasa ni mwepesi, hauna matangazo ya kurukaruka, na bando la kawaida linatosha kusoma mihtasari jioni nzima.

Sasa jinsi ya kuitafutia mambo ya kwetu, maana hapa wengi hukata tamaa mapema. Andika jina la kisayansi la ugonjwa au mdudu, usiandike sentensi. Minyoo ya tegu wa nguruwe ni Taenia solium. Ukiandika Taenia solium halafu Songwe, utapata kidogo sana na utadhani hakuna aliyewahi kufika kwetu. Mkoa wetu wa Songwe ulianza 2016, ukimegwa kutoka Mbeya. Makala zilizotangulia zinaitaja Mbozi kama wilaya ya Mbeya, kwa hiyo andika Mbozi, kisha rudia na Mbeya, kisha Tanzania. Anayetafutia Chunya au Rungwe hana shida hiyo, ila wa Vwawa, Mlowo, Ileje na Momba wanapaswa kulijua hili kabla hawajaanza.

Ukitafuta hivyo utakutana na makala ya mwaka 2013 iliyotoka kwenye PLoS Neglected Tropical Diseases, jarida ambalo halimtozi msomaji. Inahusu watu wa Mbozi wenyewe, wala si nguruwe. Walipimwa watu zaidi ya 800. Choo kilipoangaliwa kwa darubini, njia tunayoijua kwenye zahanati zetu, waliokutwa na tegu walikuwa asilimia 1.1. Choo hichohicho kilipopimwa kwa kipimo cha antijeni, yaani kinachotafuta chembechembe za mnyoo kwenye choo, wakawa asilimia 5.2. Hebu zitazame hizo namba mbili kwa utulivu. Maana yake ukitegemea darubini, kati ya watu watano ambao kipimo cha pili kinawaonyesha, unamwona mmoja. Nilimsomea hayo dada mmoja muuguzi, jirani yangu, akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe tunawaruhusu waende nyumbani nayo." Lakini ukishuka hadi sehemu ya mbinu ndipo unapokumbuka jambo jingine: kipimo hicho cha antijeni hakitofautishi tegu wa nguruwe na tegu wa ng'ombe. Huku tunakula nyama zote mbili, kwa hiyo si wote wa ile asilimia 5.2 unaweza kusema wamebeba wa nguruwe. Muhtasari peke yake haukupi uzito wa jambo hili. Mimi husoma mbinu kwanza, matokeo baadaye, na hitimisho la mwandishi mwisho kabisa.

Nasisitiza tegu kwa sababu hapa ndipo kazi ya daktari wa mifugo na ya daktari wa watu zinakuwa kazi moja. Mtu anakula kitimoto ambacho hakikuiva, anapata mnyoo tumboni. Mnyoo unataga, mayai yanatoka na choo. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho anapata malengelenge, yaani vifuko vidogo vyenye mnyoo mchanga, kwenye misuli. Mtu akiyameza mayai hayohayo, kwa maji machafu au mikono isiyonawa, malengelenge yanaweza kukaa kwenye ubongo wake na kumletea kifafa, hata kama katika maisha yake hajawahi kuonja nguruwe. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, asilimia 30 hivi ya kifafa inatokana na tegu. Vijijini kwetu mwenye kifafa bado anaogopwa na kutengwa mezani, na huku kisababishi kinatembea uani. Haya yote nilifundishwa chuoni kwa kifupi. Kuyasoma yakiwa na majina ya wilaya yangu kumenipa nguvu ya kuyasema kwenye mkutano wa kijiji bila kubabaika.

Faida kubwa zaidi niliyoipata ni kwenye dawa. Wafugaji wengi, na baadhi ya wauzaji wa madukani, wanaamini sindano ya ivermectin inamsafisha nguruwe kila kitu. Mzee mmoja aliniita kwake, mnunuzi alikuwa amevuta ulimi wa nguruwe wake, akapapasa chini yake, akagusa malengelenge, akamkataa. "Mchome ile ya minyoo, mwanangu, mwezi ujao aje tena amuone." Ivermectin ni dawa nzuri ya ukurutu na ya minyoo ya mviringo, hilo halina ubishi. Kuhusu malengelenge ya tegu, PubMed ina makala ya 2013 iliyoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kwenye jarida la Acta Tropica. Walichukua nguruwe walioambukizwa kwa njia ya kawaida, si wa maabara. Wengine wakachomwa ivermectin, wengine wakanyweshwa oxfendazole, dawa nyingine ya minyoo, mg 30 kwa kila kilo ya uzito, wengine wakaachwa bila dawa ili wawe wa kulinganishia. Oxfendazole iliua malengelenge ya kwenye misuli. Ivermectin haikufanya kazi hiyo. Na ya kwenye ubongo hayakuisha hata kwa oxfendazole. Nilimweleza mzee hivyo, na nikamwonyesha kwenye simu jina la chuo cha Morogoro, maana alitaka kujua kama ni maneno ya Wazungu.

Hapo hesabu inaanza, na ndiyo sehemu ninayoomba wenzangu waisome polepole. Oxfendazole ya ng'ombe na kondoo mara nyingi huja na nguvu ya asilimia 2.265, yaani mg 22.65 kwenye kila mililita moja. Nguruwe wa kilo 50 anahitaji mg 1,500. Gawanya: ni mililita 66 hivi, za kunywesha, kwa mara moja. Kiwango cha kondoo ni kama mg 5 kwa kilo, kwa hiyo ukimnywesha nguruwe kwa kipimo cha kondoo umempa moja ya sita ya anachohitaji, pesa imekwenda na tegu amebaki. Ukipata iliyotengenezwa kwa asilimia 10, mililita 15 zinatosha. Na nguruwe huyo hachinjwi wiki inayofuata: dawa inahitaji muda wa kutoka mwilini, na malengelenge yaliyokufa yanachukua wiki nyingi kuyeyuka kwenye nyama. Mzee hakufurahia kungoja. Alingoja.

Nije kwenye kinachoniudhi. Hiyo makala ya Acta Tropica niliisoma muhtasari tu, kwa sababu PubMed inakuonyesha kwamba makala ipo, haikuhakikishii kuisoma yote. Ukibonyeza kwenda kwa mchapishaji unakuta mlango umefungwa na unaombwa dola ambazo zinatosha kununua dawa za zizi zima. Utafiti umefanywa na Watanzania, kwa nguruwe wa Watanzania, na mtu anayewatibu nguruwe hao hawezi kuusoma. Hilo ni jambo baya na nitaendelea kulisema. Kosa si la PubMed yenyewe, lakini wanaoanza kuitumia waambiwe mapema wasije wakavunjika moyo.

Njia za kupita zipo. Pembeni ya orodha ya majibu kuna chujio la makala zinazosomeka zote bure. Libonyeze kila mara. Nyingi ya hizo zinakaa PubMed Central, ghala dada lililoanzishwa mwaka 2000, na humo unaipakua makala nzima ukaisome hata ukiwa Itaka au Kamsamba ambako mtandao unasuasua. Taasisi zilizosajiliwa, kama vyuo, hospitali na vituo vya utafiti, zinaweza kutumia Hinari ya Shirika la Afya Duniani kufungua majarida ya kulipia. Mtu binafsi haandikishwi, ila kama una mdogo wako chuoni muombe. Njia ninayoipenda ni kumwandikia mwandishi. Anwani yake mara nyingi ipo kwenye ukurasa uleule, ukigusa jina la taasisi yake. Andika kwa heshima, kwa Kiswahili, ujitambulishe unafanya kazi wapi. Nimewahi kutumiwa makala nzima pamoja na swali: je, hali ikoje huko sasa?

Kwa wa Kyela, ambao nguruwe wao waliteketea, tafuteni barua fupi ya mwaka 2012 kwenye jarida la Emerging Infectious Diseases, linalosomeka bure, kuhusu homa ya nguruwe ya Afrika nchini Tanzania kati ya 2010 na 2012. Ni kurasa chache. Inaeleza virusi vilivyopatikana Kyela kuwa ni vya kundi la pili, kundi lilelile lililotua Georgia mwaka 2007 na kuenea Ulaya. Ugonjwa huo hauna dawa, na barua haitakupa dawa. Inakupa kitu cha kumwekea mezani anayesema nguruwe walirogwa.

Msidhani kila kilichomo PubMed kimethibitishwa na Marekani. Maktaba inaorodhesha, haiweki muhuri wa ukweli. Makala mbovu zimo, na iliyofutwa na jarida huwekewa tangazo juu ya ukurasa, kwa hiyo anzeni kusoma kutoka juu kabisa, msirukie muhtasari. Kwa mifugo pia kuna mapengo: majarida mengi ya Afrika hayamo, na hayo mtayapata kwenye tovuti ya African Journals Online, ambako Tanzania Veterinary Journal ipo. Tena makala zenyewe ni za Kiingereza karibu zote, na hili linawazuia wenzetu wengi wenye uzoefu wa miaka. Kwangu tunakaa wawili, mimi na yule muuguzi: mmoja anasoma, mwingine anaandika kwa Kiswahili kwenye daftari, na pembeni tunaandika namba ya PMID, ile namba ambayo kila makala inayo, ili mtu akitubishia tuichape na makala itokee hapohapo.

Ukifungua akaunti, ambayo nayo ni bure, unaweza kuhifadhi utafutaji wako na kuletewa barua pepe kila makala mpya inapoingia. Yangu imewekwa Taenia solium na Tanzania, ya pili ni ndigana kali, yaani Theileria parva, kwa ajili ya wateja wangu wenye ng'ombe wa maziwa kule Tukuyu. Wiki nyingi haileti kitu. Ikileta, huwa naangalia kwanza wilaya iliyotajwa, na kama ni ya kwetu, nampigia mwenyekiti.