Tathmini: safu ya viputo ya mtiririko wa kushuka, bomba la akriliki la milimita 50

Kwa kuyeyusha gesi kwenye maji maabarani, kifaa hiki, yaani bomba la wima ambamo maji hushuka yakibeba viputo vya gesi, ni kizuri sana, mradi pampu iwe sahihi. Kiputo cha milimita 2 hadi 5 hupanda majini kwa takriban sentimita 23 kwa sekunde. Maji yakishuka kwa kasi hiyohiyo, viputo huning'inia, hugongana na kuungana, kisha mfuko wa gesi hutanda chini ya nozeli (mdomo wa kuingizia ulio juu ya bomba). Pampu ya lita 30 kwa dakika huyashusha maji kwa sentimita 25 kwa sekunde tu, yaani pale pale pabaya. Funga ya lita 50. Utapata sentimita 42, na viputo vitashuka bila kusita.

Jaza bomba maji kwanza, toa hewa yote, ndipo ufungue vali ya gesi polepole. Mfuko ukianza kujengeka, punguza gesi, usiguse maji.

Tangi la chini ndilo dhaifu: ni jembamba, kwa hiyo viputo havipati muda wa kutoka, huingia kwenye pampu na kuipunguzia nguvu. Weka pana zaidi. Chumvi kidogo huzuia viputo kuungana. Asetoni, ile ya kusafishia, usiitumie kabisa, akriliki (plastiki ya bomba) hupasuka.