Fidla ya robo tatu au kamili kwa mtoto wa miaka 11?

Mzazi wa Mtwara anayeagiza fidla Dar es Salaam huvutwa na ile kubwa: "ataikulia." Mimi ningepima mkono kwanza. Kamili ina kiwiliwili chenye urefu wa sentimita 36 hivi. Robo tatu, karibu 33 na nusu (jina lisikudanganye: si robo tatu ya urefu wa kamili). Mtoto aiweke ile kamili begani, anyooshe mkono. Kiganja kikikumbatia kichwa cha fidla huku kiwiko kimekunjika kidogo, achukue kamili. Akilazimika kujivuta, bega litapanda, kidole kidogo hakitafika, sauti zitapotoka. Robo tatu ataiacha akirefuka, ni kweli, lakini mdogo wake ataipokea. Noti za nyuzi ni zilezile nne: G, D, A, E. Jua la pwani halichagui: gundi ya zote mbili huachia.