Ofisi ya wakili Moshi mjini, nyota 4, ya 5 imebaki kwenye benchi

Naandika hii kwa wabishi wenzangu. Mwezi uliopita mjumbe kaniletea karatasi ya mahakama ya mwanzo, jirani yangu wa kihambani (shamba la nyumbani kwetu Uchagani) kanishtaki eti nimeng'oa masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, na kukata migomba yake mitatu. Mi nikacheka, polisi hawajanigusa, sijalala selo hata lisaa, kesi gani hiyo? Shemeji yangu ndo akanijaza kabisa, hakuna pingu hakuna kesi, karatasi hiyo fungia maandazi.

Mke wangu akanisukuma mpaka kwa huyu wakili, ofisi ipo ghorofani kule karibu na mnara wa saa, jina siandiki maana sijawaomba ruhusa. Nimekaa benchi saa moja na nusu hata maji hamna, na fotokopi wananitoza 500 kwa ukurasa mmoja, jamani!

Ila mama wakili mwenyewe anajua kazi. Kaisoma karatasi kaniuliza "Baba, tarehe hii umeiona?" Ilikua keshokutwa yake!! Jasho likanitoka hapo hapo. Akanielewesha polepole kwamba mahakama ya mwanzo ina utaratibu wake kwenye Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984, na kesi ya jinai inaweza kuanza kwa mtu kukamatwa akapelekwa kwa hakimu, au mlalamikaji akaenda mwenyewe kueleza malalamiko yake, hakimu akiona kuna kosa la kujibu anakutumia samansi, yani karatasi ya kukuita mahakamani kama ile yangu, basi, kesi imeshaanza na wewe uko shambani unapalilia. Kukamatwa ni njia tu ya kukufikisha mbele ya hakimu. Ukiidharau samansi ndo inatoka hati ya kukukamata, yani pingu nilizokua nazisubiri ningezipata kwa kukaa nyumbani. Na kinyume chake pia, kuna watu wanakamatwa wanaachiwa bila kushtakiwa popote.

Ushauri 30,000, sio bei ya kulia. Hakunipa matumaini ya uongo kuhusu ile migomba, kasema tu niende na mashahidi wa mpaka, wazee wanaokumbuka masale yalipandwa wapi.

Alhamisi nimeenda, nimesomewa shitaka, nimekana, tukaambiwa habari ya dhamana. Mdhamini wangu nani? Shemeji huyo huyo, kaja mbio na barua ya mtendaji mkononi hata hanitazami usoni.