Logini ya Tomcat inayosoma watumiaji kutoka databesi: uzoefu wangu na DataSourceRealm

Nyota nne kati ya tano, nasema mapema ili mwenye haraka asihangaike kunisoma mpaka chini. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu moja tu, hii kitu ikimkatalia mtu kuingia haisemi imemkatalia nini mpaka uilazimishe, na mimi huo ukimya umenilia wiki mbili nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna saccos moja naitunzia mfumo wao wa ndani, watumiaji hawafiki arobaini, ni mfumo wa Java wa kizamani ulioandikwa na jamaa aliyeshaondoka siku nyingi, ukikaa juu ya Tomcat 7 (Tomcat ni seva ya kuendeshea programu za wavuti za Java) ambayo Apache waliacha kuitolea marekebisho tangu Machi 2021. Kila mwaka nasema mwaka huu tunahama, alafu mwaka unaisha. Safari hii diski ya ile seva ikaanza kulia kama kriketi, basi tukahama kwa lazima. Nikachukua Tomcat 9 na siyo 10, maana kuanzia 10 majina ya vifurushi vya kodi vya javax yamekuwa jakarta na sikuwa na hamu ya kuanza kufumua kazi ya mtu ambaye hata simu yake sina, na pia kwenye 10 ile JDBCRealm tuliyokuwa tunaitumia kwa logini wameshaiondoa. Kwenye 9 bado ipo ila wanakuonya kabisa kwamba iko njiani kuondoka, nikaona bora nihamie DataSourceRealm hapo hapo, maumivu yawe mara moja.

Kwa asiyeijua, realm ndo sehemu ya Tomcat inayoamua nani aingie na afike wapi. Huandiki logini yako mwenyewe, unaiambia tu tebo ya watumiaji inaitwaje, kolamu ya jina ipi, ya paswedi ipi, tebo ya vyeo ipi, mistari michache ya XML na umemaliza. JDBCRealm nayo inafanya hivo hivo ila kwa koneksheni moja tu, watu wote foleni moja. DataSourceRealm inachota kwenye puli, yaani akiba ya koneksheni zilizofunguliwa tayari. Kwa watu arobaini tofauti huioni, labda saa mbili asubuhi wanapoingia wote kwa mkupuo.

Ya jar (faili la kodi ya Java iliyofungashwa) nipite haraka. Jar ya dereva wa MySQL lazima ikae kwenye folda ya lib ya Tomcat yenyewe, ukiiacha ndani ya programu kwenye WEB-INF/lib haisaidii kitu, maana anayefungua koneksheni hapa ni Tomcat. Na kwenye dereva mpya jina la klasi ni com.mysql.cj.jdbc.Driver, hilo cj watu wengi wanalisahau. Nusu saa, yameisha.

Kilichofuata ndo kilinishangaza. Niliweka Resource (maelezo ya kufikia databesi) na Realm zote ndani ya META-INF/context.xml, faili la mipangilio la programu, nikaristati, logi ikaniambia jina la jdbc halijafungwa popote. Nalitazama jina, lipo, herufi kwa herufi. Kumbe DataSourceRealm kwa kawaida inatafuta databesi kwenye zile rasilimali za seva nzima, zile za GlobalNamingResources kwenye server.xml, na kama umeiweka ndani ya programu lazima uongeze localDataSource="true". Neno moja! Nikaongeza, nikaristati, hakuna kilichobadilika. Nikabadilisha jina, nikaristati, bado inataja jina la zamani, hapo nikaanza kujihisi mchawi yupo. Nimekuja kuona jioni kwamba kuna faili lenye jina la programu limekaa kwenye conf/Catalina/localhost, nililikopi mwenyewe kutoka seva ya zamani pamoja na takataka nyingine, na faili la hapo likiwepo Tomcat haiangalii kabisa lile la META-INF. Kwa hiyo siku nzima nilikuwa naedit karatasi isiyosomwa na mtu. Nililifuta nikaenda kula.

Sasa paswedi. Zamani kwenye Realm kulikuwa na digest="MD5" (njia ya kale ya kusaga paswedi isisomeke), paswedi zote za watu ziko MD5 ndani ya databesi (najua, najua, msinipige mawe, nilizikuta). Nikaiacha hiyo digest kama ilivyo. Tomcat 9 haiitambui, inaandika onyo moja kwenye logi wakati inawaka kwamba haijapata kitu kinachoitwa hivo, alafu inaendelea na maisha yake, na matokeo yake inalinganisha ulichoandika na kilichopo kwenye kolamu kama maandishi ya kawaida. Watu wote wakakataliwa. Nimegundua kwa njia ya ajabu kidogo, nilichoka nikakopi ile MD5 ya akaunti yangu kutoka kwenye tebo nikaipesti kwenye kisanduku cha paswedi, nikaingia! Nilicheka alafu nikaogopa. Maana yake mtu akiiba bekapu ya databesi hana hata haja ya kuvunja kitu.

Dawa yake ni CredentialHandler ndani ya Realm, kipande kinachoamua paswedi inalinganishwa vipi. Na hapa ndo nilianza kuipenda hii kitu kwa kweli, maana kuna NestedCredentialHandler inayokuruhusu kuweka mbili kwa pamoja, MessageDigestCredentialHandler ya MD5 kwa wale wa zamani na SecretKeyCredentialHandler inayotumia PBKDF2, njia ya kusaga iliyo imara zaidi, kwa paswedi mpya, kwa hiyo hakuna haja ya kuwaita watu arobaini wabadilishe paswedi siku moja, kila mtu anahama kwa muda wake. Ila kagua upana wa kolamu kwanza. MD5 ni herufi 32 na kolamu yangu ilikuwa VARCHAR(32) kamili, wakati hii mpya inahifadhi chumvi (herufi za bahati nasibu zinazochanganywa na paswedi), alama ya dola, idadi ya mizunguko, dola tena, alafu paswedi iliyosagwa, kwa vipimo vyake vya kawaida ni herufi 111. MySQL yangu nilikuwa nimeizimia ukali wake kwenye konfigi ya kale, basi ikakata kimya kimya ikahifadhi 32 za mwanzo. Mtu anabadilisha paswedi, anaambiwa hongera, anatoka, hawezi kurudi tena. Mhasibu wao, mama mmoja mpole sana, alinipigia, "Mwanangu, ulisema niweke mpya, nimeweka, sasa hata ile ya zamani haitaki." Sikuwa na jibu la kumpa mama wa watu. Kolamu sa hivi ni 255.

Huyo huyo mama akaja kuniletea lingine. Paswedi sasa inakubali, lakini anapata 403. Hiyo namba ikumbuke, ukipata 403 baada ya kulogini maana yake umetambuliwa ila cheo hakipo, usianze kuhangaika na paswedi. Kwanza nilihakikisha kolamu ya jina la mtumiaji inaitwa jina moja kwenye tebo zote mbili, maana userNameCol unaitaja mara moja tu na inatumika kote. Iko sawa. Nikauliza databesi, nipe wote wenye cheo 'muhasibu', mama yupo. Web.xml, faili la programu linalotaja cheo gani kinaruhusiwa, inasema muhasibu. Sasa nini? Nilikaa na hilo swali kutwa. Kumbe kwenye tebo imeandikwa 'Muhasibu' kwa M kubwa, MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haijali kubwa wala ndogo ndo maana ilinijibu ndiyo, lakini Tomcat inalinganisha upande wa Java na huko M na m ni watu wawili tofauti.

Katikati ya hayo yote nilijifungia nje mwenyewe. Nilikuwa nimeizungushia Realm yangu LockOutRealm, kitu kizuri sana na usiache kuweka, hasa ukijua kwamba Realm ukiiweka ndani ya programu ile ya server.xml pamoja na ulinzi wake haitumiki tena kwa programu hiyo. Ukikosea mara tano akaunti inafungwa sekunde 300. Mimi najaribu, nabadilisha konfigi za handler kwenye programu nyingine ya majaribio, najaribu tena hapa, baada ya kukosea mara ya tano hata paswedi sahihi ikakataliwa, nikaamini nimeharibu, nikarudisha nyuma kitu ambacho kilikuwa kimeshakaa sawa. Na hili moja kusema ukweli Tomcat iliandika onyo kwenye logi bila hata kuombwa, ni mimi sikutazama.

La mwisho nililitafuta kwa ubishi. Tomcat 9 ilinionya kwamba maxActive (idadi ya juu ya koneksheni) haitumiki tena kwenye puli yake, niandike maxTotal, na kwamba namba niliyoweka imepuuzwa inatumia 8. Badala ya kubadilisha neno nikaona niongeze factory ya ile puli nyingine, tomcat-jdbc, ambayo bado inakubali majina ya zamani. Ikafanya kazi vizuri tu, mpaka kesho yake asubuhi, mtu wa kwanza kulogini anaambiwa paswedi siyo, anajaribu tena na tena mara anaingia. MySQL inakata koneksheni iliyokaa bure sekunde 28,800, yaani saa nane, na kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili asubuhi ni saa kumi na tano. Puli ya kawaida inaikagua koneksheni kabla ya kuitoa, hii nyingine haikagui mpaka uiambie testOnBorrow="true", nami niliongeza na validationQuery ya SELECT 1. Na realm ikikuta koneksheni iliyokufa inamjibu mtumiaji vile vile kama aliyekosea paswedi.

Kwa hiyo ukianza, kabla hujagusa kingine, fungua logging.properties uweke org.apache.catalina.realm na org.apache.catalina.authenticator kwenye ALL, na handler ya logi yenyewe uiachie ALL maana ikiwa imewekwa FINE yale ya ndani zaidi yanakatwa hapo. Mimi niliweka siku ya tisa, na yale mawili ya mwisho kati ya haya niliyatatua kwa dakika, siyo siku. Ukimaliza uizime, logi inanenepa.

Kwa mfumo wa ndani wenye watu wanaojulikana na vyeo vinavyojulikana ningeichagua tena. Kama watu wanajisajili wenyewe mtandaoni na wanataka kuingia kwa akaunti ya Google, hapana, tafuta kingine. Jumatatu nilikaa macho kwenye logi tangu saa moja na nusu, wameingia mmoja mmoja wote wamepita, amekataliwa mtu mmoja tu, nilikuwa mimi, kapsi loku.