Safari za siku moja kutoka Amsterdam: ipi ununue, ipi uache

Ziara inayouzwa sana karibu na kituo cha Amsterdam Centraal ni ile ya basi la nusu siku inayounganisha Zaanse Schans, Volendam na Marken. Hiyo tumeiweka mkiani. Ukitoa muda wa barabarani, kila kijiji hubakiwa na kama saa moja, na sehemu ya saa hiyo huishia kwenye onyesho la kuchonga viatu vya mbao au la kutengeneza jibini, maonyesho ambayo mlango wake wa kutokea ni dukani. Sehemu zote tatu zinafikika kwa treni na basi la kawaida kutoka hapohapo Centraal. Kwa hiyo orodha hii inachukulia kwamba utajisafirisha mwenyewe na kwamba utatenga siku moja kwa upande mmoja wa nchi, usijaribu pande mbili.

Kwanza: Zaanse Schans, kijiji cha vinu vya upepo. Panda Sprinter (treni ya kusimama vituo vingi) iendayo Uitgeest, shuka Zaandijk Zaanse Schans baada ya dakika 18 hivi, kisha tembea robo saa mpaka ng'ambo ya mto Zaan. Basi 391 pia linafika, ila linachukua zaidi ya mara mbili ya muda wa treni. Uwe umefika kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu mabasi ya watalii huanza kumiminika muda huo na vijia kati ya vinu ni vyembamba. Halmashauri ilitangaza mpango wa kutoza kiingilio cha kijiji kizima kuanzia 2026, kwa hiyo angalia tovuti ya Zaanse Schans kabla ya kupiga hesabu. Ukilipia kinu kimojakimoja, usinunue vyote, chagua viwili.

Cha kwanza ni De Kat, ambamo upepo unazungusha mawe makubwa yaliyosimama kwa ukingo, yakisaga chokaa na rangi za wachoraji. Sakafu nzima hutikisika chini ya miguu yako, na unaweza kupanda hadi kwenye roshani ya nje, mapanga ya kinu yanayozungushwa na upepo yakipita karibu kabisa na ukuta. Cha pili ni Het Jonge Schaap, kinu cha kupasulia mbao. Hiki kilijengwa upya na kufunguliwa 2007 kwa kufuata ramani ya kinu cha 1680 kilichobomolewa 1942, na kinafanya kazi kweli. Simama karibu na gogo utazame. Mhimili uliopindwa unageuza mzunguko wa mapanga kuwa mwendo wa juu na chini, misumeno iliyofungwa kwenye fremu moja inashuka kwa pamoja, na gogo linavutwa mbele kidogokidogo. Kifaa hicho alikipatia hataza Cornelis Corneliszoon, mtu wa Uitgeest, mwishoni mwa karne ya 16. Kazi ya wapasuaji wengi wa mkono ikafanywa na upepo, na ukanda wa Zaan ukawa karakana ya meli. Mtu anayepiga picha nje tu na kuondoka amekosa kitu chenyewe. Jambo moja la kuangalia: pasipo upepo, vinu havizunguki. Tazama utabiri wa hali ya hewa na uchague siku yenye upepo hata kama ina mawingu.

Keukenhof, bustani ya maua, inapanda hadi nafasi ya kwanza ikiwa safari yako iko kati ya katikati ya Machi na katikati ya Mei. Nje ya wiki hizo nane hivi bustani imefungwa, na anayekuuzia "ziara ya tulipu" mwezi wa Julai anakuuzia kitu kingine. Iko Lisse, ina hekta 32 na matunguu ya maua yapatayo milioni 7. Tiketi hununuliwa mtandaoni ikiwa na tarehe na saa ya kuingia. Nunua ile iliyounganishwa na basi, kwani kutoka Amsterdam mabasi huondokea upande wa RAI, ukumbi wa maonyesho, na kuna mengine kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol, Leiden na Haarlem. Wiki yenye uhakika zaidi ni ya katikati ya Aprili. Ndani ya bustani matunguu hupandwa kwa tabaka, yanayochelewa chini na yanayowahi juu, ndiyo maana maua hayakatiki msimu mzima. Kwenye mashamba ya nje hali ni tofauti: mkulima anauza tunguu, hauzi ua, hivyo hukata vichwa vya maua mapema ili nguvu irudi chini. Ukija Mei ukitarajia mistari ya rangi hadi upeo wa macho, huenda ukakuta majani matupu. Wikiendi na Pasaka ziepuke. Ikishindikana, ingia saa mbili asubuhi au baada ya saa tisa alasiri.

Tatu ni Marken, Volendam na Edam kwa mzunguko mmoja. Basi 315 hadi Marken, feri ya nusu saa hivi kuvuka hadi Volendam, kisha basi 316 hadi Edam, na kutoka hapo basi la kurudi Amsterdam. Fuata mpangilio huo, ili siku iishie kwenye basi linalopita mara kwa mara. Wakati wa baridi feri huweza kusimama, na ikisimama mzunguko huu unapoteza maana. Marken ilikuwa kisiwa hadi 1957, na nyumba zake za mbao zimekaa juu ya vilima vya kujengwa na nguzo kwa sababu bahari ilikuwa ikiingia kijijini, mpaka boma la Afsluitdijk lilipoifunga mwaka 1932. Volendam ni mtaa wa maduka, basi kula kibbeling, vipande vya samaki vya kukaanga, halafu songa mbele. Edam ndiyo tulivu na ndiyo nzuri zaidi kati ya zote tatu.

Kama siku yako ni Ijumaa kati ya Aprili na Septemba, soko la jibini la Alkmaar ni bure na liko chini ya dakika 40 kwa treni. Huanza saa nne asubuhi na kwisha saa saba mchana. Wapagazi wawiliwawili hukimbia na machela yenye magurudumu manane ya jibini, kila gurudumu kama kilo 13. Fika saa tatu na nusu, la sivyo utaona migongo ya watu.

Kinderdijk, yenye vinu 19 na hadhi ya Urithi wa Dunia tangu 1997, ni nzuri mno ila iko upande wa Rotterdam. Inafaa zaidi kwa anayelala huko, kisha apande boti ya abiria chini ya daraja la Erasmusbrug. Giethoorn, kijiji cha mifereji, inakuja mwisho kati ya za kujiendea: treni hadi Steenwijk, kisha basi 70, karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Siku za wikiendi za kiangazi mifereji hujaa boti za umeme zinazoendeshwa na watu wasiowahi kushika usukani, na foleni husimama kama ya daladala. Lala huko usiku mmoja, au uiache.

Kuhusu nauli: kadi ya benki ya kugusisha inatumika kwenye treni, tramu na mabasi yote. Gusisha unapoingia na unapotoka. Ukisahau kutoka, unakatwa kiasi kikubwa kuliko nauli. Kila mtu awe na kadi yake, na usiingie kwa simu ukatoka kwa kadi ya plastiki hata kama akaunti ni moja, kwani mashine huzihesabu kuwa mbili. Ukizunguka vijiji kadhaa siku moja, linganisha na Amsterdam & Region Travel Ticket, tiketi ya usafiri wa umma wa Amsterdam na maeneo jirani, ambayo huuzwa ya siku moja, mbili au tatu. Usitegemee noti, kwani maduka na mikahawa mingi hupokea kadi tu.

Mwenye kutua Schiphol kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kilimanjaro kwa kuunganisha ndege anaweza kuifanya Zaanse Schans akiwa na saa nane au zaidi, mradi pasipoti yake ina viza ya Schengen. Bila viza hiyo hatatoka uwanjani. Mzigo wa mkononi aufungie kwenye makabati ya Schiphol, apande treni ya Centraal ya dakika kama 15, na awe amerudi uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka.