Makumbusho ya Vasa, Stockholm: Meli Iliyotolewa Majini
Makumbusho ya Vasa nchini Uswidi yanastahili sifa kubwa, kwani yanamwonyesha mgeni Vasa, meli ya kivita iliyozama tarehe 10 Agosti 1628, katika safari yake ya kwanza, ikiwa bado karibu nzima. Anders Franzén, mtafiti wa meli zilizozama, aligundua ilipolala mwaka 1956, nayo ikaibuliwa mwaka 1961. Maji ya Bahari ya Baltiki, yenye chumvi kidogo, yaliinusuru na viumbe wanaotoboa mbao. Kilichonivutia zaidi ni maelezo ya jinsi ilivyonyunyiziwa polietilini glikoli, kemikali inayochukua nafasi ya maji ndani ya mbao, kwa miaka 17 ili mbao zisipasuke wakati wa kukauka, kazi ya subira ambayo, kwa maoni yangu, inastahili heshima sawa na ya wapiga mbizi walioshiriki kuiibua. Mwanga hafifu unahitajika kwa hifadhi, ingawa unazififisha nakshi za shetri, yaani sehemu ya nyuma ya meli.