Tahadhari: Matapeli wa Kuhamisha Vyombo Kampala na Vitongoji Vyake

Ndugu zangu mnaojiandaa kuhama nyumba Kampala, Wakiso au Mukono, jihadharini na watu wanaojitangaza Facebook na WhatsApp kuwa ni kampuni za kuhamisha vyombo, kwa bei ambayo haitoshi hata mafuta ya lori na ujira wa makuli. Bei hutajwa kwa simu bila mtu kuja kuutazama mzigo, kishika uchumba hutumwa kwa simu hiyohiyo, na bei ya kweli hutajwa vyombo vikiwa vimeshapakiwa.

Wifi yangu alikuwa akihama kutoka Ntinda kwenda Seeta kwa makubaliano ya shilingi 350,000. Lori lililoahidiwa saa mbili asubuhi lilifika saa kumi jioni, tena halikuwa lile la kwenye picha. Walipofika Bweyogerere, dereva aliegesha kando ya barabara, akazima injini na kudai kwamba mzigo umezidi, kwa hiyo bila nyongeza ya shilingi 450,000 turubai halifunguliwi. Jokofu, magodoro na sanduku lenye vyeti vya watoto vilikuwa humo, naye wifi alikuwa nyuma juu ya bodaboda, giza likiingia. Akalipa. Kesho yake polisi walimwuliza yako wapi makubaliano ya maandishi, na kwa kuwa hayakuwapo, wakamwambia huo ni mgogoro wa malipo. Hapo ndipo ulipo ujanja wote: tapeli wa aina hii hana haja ya kuiba jokofu lako, maana akishalipakia anaweza kukuuzia wewe mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, kila jambo la maana lazima limalizike kabla kiti cha kwanza hakijatoka mlangoni. Mwite msimamizi aje auone mzigo, kisha aandike bei kamili inayojumuisha makuli, ngazi za ghorofa na mafuta, atie sahihi na kuacha nakala ya kitambulisho chake cha taifa. Jina la kampuni litafute kwenye tovuti ya URSB, ofisi inayosajili kampuni na majina ya biashara nchini, ingawa usajili peke yake hauthibitishi uaminifu, kwani wapo wanaoazima jina la kampuni ya watu wengine. Ndiyo maana napendelea kwenda mwenyewe hadi wanapoegesha magari yao. Unapotuma fedha kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa la mtu usiyemjua wala hakutajwa popote kwenye makubaliano, sitisha. Malipo ya awali yawe madogo, na sehemu kubwa ibaki mkononi mwako hadi kitu cha mwisho kishushwe.

Barua ya kuhama kutoka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, wengi huichukulia kama usumbufu tu, au kama kitu cha kuwaonyesha askari wa barabarani. Mwombe mwenyekiti wa mtaa unaouhama aandike ndani yake namba ya gari, jina la dereva na mahali mzigo unakokwenda, dereva mwenyewe akiwa amesimama pale. Mwenye nia mbaya mara nyingi huanza kutafuta visingizio papo hapo. Vyeti, hati za ardhi, pasipoti na kompyuta usivipakie kabisa, na ndugu mmoja akae ndani ya lori pamoja na dereva.

Ikiwa mzigo wako umeshikiliwa sasa hivi, usiliache lori liondoke machoni pako. Piga picha ya namba ya gari, piga 999 au 112, na ukifika kituoni usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Aliyetuma fedha kwa mtu ambaye hakutokea awapigie mara moja huduma kwa wateja wa mtandao wake wa simu, kwani fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuzirudisha.